Maandishi ya kwenye boksi la simu: 4G, 5G, Wi-Fi na VoLTE kwa mnunuzi wa Nairobi

Tangu Safaricom ilipozindua huduma ya 5G kwa wateja mnamo Oktoba 2022, na Airtel ikafuata Julai 2023, maswali yanayoulizwa katika maduka ya simu ya Nairobi yamekuwa mengi kuliko majibu. Mteja anawekewa mezani simu tatu zenye bei zinazokaribiana: ya kwanza imeandikwa 4G, ya pili 5G, na boksi la tatu lina msururu wa maneno, yakiwemo Wi-Fi, Bluetooth, NFC na VoLTE. Anauliza kama simu hiyo ina Wi-Fi, akimaanisha kama itamfikisha kwenye intaneti, naye muuzaji anajibu kwamba inayo, akimaanisha kwamba kifaa cha Wi-Fi kimo ndani. Mteja anarudi Kayole au Kawangware na kukuta kwamba bila kununua data hawezi kufungua hata ukurasa mmoja. Hakuna aliyemdanganya, ila swali lake lilihusu jambo moja na jibu likahusu jambo lingine.

Mkanganyiko huu unagharimu watu pesa, na mara nyingi huwagharimu wale wenye pesa chache zaidi. Kwa maoni yangu, mtu anayenunua simu, hasa katika duka la kampuni ya mawasiliano ambako simu na mtandao huuzwa pamoja, anapaswa kulinganisha kwanza redio zilizo ndani ya simu hizo, kisha masharti ya mauzo, na baada ya hapo ndipo aangalie kamera na rangi. Kamera hafifu utaizoea, lakini simu isiyoweza kuwasiliana vizuri na mnara ulio karibu na kwako itakusumbua kila siku hadi utakapoiuza.

Redio kadhaa ndani ya simu moja

Kila jambo ambalo simu hufanya bila waya hulifanya kwa mawimbi ya redio. Simu ya kisasa ina redio kadhaa, na kila moja ina kazi yake, umbali wake na gharama yake. Ya kwanza ni redio ya mtandao wa simu, ambayo huwasiliana na mnara wa kampuni, ule ambao wengi wetu tunauita busta, hata ukiwa umbali wa kilomita kadhaa. Hii ndiyo inayohitaji laini, ndiyo inayotumia salio na vifurushi, na ndiyo inayotajwa boksi linapoandikwa 2G, 3G, 4G au 5G.

Ya pili ni Wi-Fi, ambayo haihusiani na mnara hata kidogo. Wi-Fi huwasiliana na ruta iliyomo nyumbani, ofisini au mkahawani, kwa umbali wa mita chache hadi makumi ya mita kulingana na kuta zilizopo katikati. Ruta nayo haizalishi intaneti. Kazi yake ni kuigawa ile iliyoletwa na kebo ya faiba ya kampuni kama Safaricom, Zuku au Faiba, au iliyopokelewa na antena juu ya paa kama inavyofanywa na Poa Internet katika baadhi ya mitaa ya Nairobi. Ikiwa huduma hiyo haijalipiwa mwezi huu, simu itaonyesha alama ya Wi-Fi iliyojaa kabisa na bado hakuna kitakachofunguka, kwa sababu alama ile hupima jinsi simu inavyoipata ruta, wala haijui kinachoendelea nyuma ya ruta. Ndiyo maana usemi kwamba Wi-Fi ni ya bure una ukweli nusu tu: salio la laini yako haliguswi, lakini yupo aliyelipa, awe mwenye nyumba, mwajiri au mwenye mkahawa. Hata mwenzako anapokuwashia hotspoti, simu yake imegeuka ruta kwa muda, na kifurushi kinachopungua ni chake.

Redio zilizobaki hazihitaji maelezo marefu. Bluetooth huunganisha simu na spika, saa au vifaa vya masikioni vilivyo karibu, kwa kawaida ndani ya mita 10 hivi. NFC hufanya kazi kwa umbali wa sentimita chache, na hutumika kulipa kwa kugusisha simu kwenye mashine ya duka. Kwa Mkenya anayelipia karibu kila kitu kwa M-Pesa, ambayo tangu ilipoanza Machi 2007 imetegemea menyu ya laini na namba fupi, kukosekana kwa NFC si sababu ya kukataa simu iliyo nzuri kwa mengine. GPS, kwa upande wake, hupokea tu ishara kutoka kwa setilaiti na haitumii data; kinachotumia data ni ramani inayopakuliwa ili kukuonyesha ulipo.

Vizazi vya mtandao na herufi zilizo juu ya kioo

Herufi G inayofuata tarakimu huonyesha kizazi cha teknolojia ya mtandao wa simu. Kizazi cha pili, yaani 2G, kilibuniwa kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi, na ndicho kinachotosha kwa kabambe ya kubofya ambayo mama mboga hutumia kupokea malipo. Kizazi cha tatu kiliwezesha kufungua kurasa za intaneti na kutazama video kwa kiasi. Cha nne, ambacho Safaricom ilianza kukitoa Kenya mnamo Desemba 2014, kilifanya video na simu za video kuwa mambo ya kawaida, na cha tano kinaongeza kasi zaidi na uwezo wa kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja mahali penye msongamano.

Simu yenyewe hukuonyesha iko kwenye kizazi kipi. Ukiona herufi E juu ya kioo, uko kwenye 2G iliyoboreshwa kidogo, na kusubiri picha ifunguke kutakuwa kazi. H au H+ ni 3G. 4G na 5G hujitaja zenyewe, ingawa simu nyingine huandika LTE badala ya 4G. Inafaa kujua kwamba simu ya kizazi cha juu hushuka inapobidi: simu ya 5G ikitoka mahali penye 5G itatumia 4G, na ikikosa hiyo itashuka tena hadi 3G au 2G. Simu ya 4G, kinyume chake, haiwezi kupandishwa kuwa ya 5G kwa kusasisha programu, kwa kubadilisha laini wala kwa kumlipa fundi wa Luthuli Avenue, kwa kuwa redio ya 5G ni kifaa ambacho ama kimo ndani au hakimo.

Hapa pana michanganyo miwili ambayo imewaponza wengi. Wa kwanza ni kati ya 4G na 4GB. Boksi likiandikwa 4GB na 64GB, tarakimu hizo zinahusu kumbukumbu ya kufanyia kazi na hifadhi ya picha na programu, na hazisemi lolote kuhusu mtandao. Ipo mitindo ya simu yenye 4GB za kumbukumbu isiyo na 5G, na ipo ya 4G yenye kumbukumbu ndogo sana. Muuzaji anayejibu swali la mtandao kwa kutaja GB hajajibu swali, na mteja ana haki ya kuliuliza tena.

Mchanganyo wa pili hutokea nyumbani. Ruta nyingi huonyesha majina mawili ya mtandao, moja la kawaida na lingine linaloishia na 5G. Mtu aliyenunua simu ya 4G akiliona jina hilo kwenye orodha na kuweza kuunganishwa nalo, huamini kwamba simu yake ni ya 5G. Maandishi yale yanahusu gigahezi 5, yaani masafa ya Wi-Fi, na hayana uhusiano wowote na kizazi cha tano cha mtandao wa simu.

Masafa, jambo linaloamua mengi na kutajwa kwa nadra

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba 4G zote ni sawa, na kadi za bei madukani husema hivyo pia. Hali halisi ni tofauti. Kila kampuni hupewa leseni ya kutumia masafa fulani ya mawimbi ya redio, ambayo hupimwa kwa megahezi au gigahezi, na simu hushika masafa yale tu ambayo redio yake iliundwa kuyashika. Mfano wake ni redio ya sebuleni: yenye FM pekee haiwezi kupokea kituo kinachorusha matangazo kwa masafa mafupi, hata kama kituo hicho kina nguvu na redio yenyewe ni ya bei ghali. Vivyo hivyo, simu inaweza kuwa ya 4G kwa kila hali, mnara wa 4G ukawa mbele ya dirisha lako, na bado visipatane kwa sababu mnara unatuma kwa masafa ambayo simu haiyajui.

Nchini Kenya, masafa ya megahezi 800 ni muhimu sana kwa 4G, na kampuni zetu kubwa zimeyapewa. Wataalamu hugawa masafa katika mafungu yenye namba yanayoitwa bendi, na haya huyaita bendi ya 20. Megahezi 1800, yaani bendi ya 3, hutumika pia. Tofauti kati ya hayo mawili inahisiwa na kila mwenye simu hata kama hajui jina lake. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali na hupenya kuta kwa urahisi zaidi, ilhali ya juu hubeba data nyingi lakini hudhoofika haraka yanapokutana na mawe, zege na mabati. Mpangaji wa chumba cha chini katika ploti ya mtaa wa Pipeline, palipozungukwa na majengo ya ghorofa nyingi, anaweza kuona simu yake ikikosa mtandao mzuri wakati simu ya jirani wa chumba cha pili, yenye laini ya kampuni hiyo hiyo, inaendelea vizuri. Sababu mojawapo yaweza kuwa kwamba simu ya jirani inashika megahezi 800 na yake haiyashiki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Faiba. Kampuni ya Jamii Telecommunications ilipozindua huduma ya simu ya Faiba mwishoni mwa 2017, ilitumia masafa ya megahezi 700, yaani bendi ya 28, na ikawa na 4G peke yake bila 2G wala 3G ya kushukia. Watu wengi waliokuwa na simu nzuri za 4G walinunua laini ile kwa ajili ya bei nafuu ya data, wakaiweka, na simu ikakaa kimya. Wengi waliilaumu laini. Ukweli ni kwamba simu zao zilikuwa za 4G kikamilifu, ila bendi ya 28 haikuwemo miongoni mwa zile zilizoundiwa kuzishika.

Tatizo hili huwapata zaidi wanaotumiwa simu na ndugu walio ng'ambo, au wanaonunua zilizotumika zilizoletwa kutoka nje. Marekani, kwa mfano, haitumii bendi ya 20 wala ya 3 kwa 4G yake. Kampuni za huko hutegemea nyingine kama vile ya 2, ya 4, ya 12, ya 13 na ya 66. Simu ya bei ya kati iliyoundwa kwa ajili ya kampuni ya huko inaweza kukosa kabisa yale masafa ambayo Nairobi inayategemea, ikawa hapa inashinda kwenye H+. Simu za juu za miaka ya karibuni, zikiwemo iPhone, hushika masafa mengi na mara nyingi haziathiriki, lakini simu za bei nafuu hutengenezwa kwa ajili ya soko mahususi. Jina la simu halitoshi kukueleza, kwa kuwa jina moja laweza kuwa na matoleo kadhaa yenye redio tofauti. Kinachotofautisha ni namba ya modeli, ambayo huandikwa nyuma ya boksi na pia hupatikana kwenye mipangilio, katika sehemu inayoeleza habari za simu. Kwa namba hiyo mtu anaweza kutafuta orodha ya masafa katika tovuti ya mtengenezaji na kuona kama bendi za 3, 20 na, kwa anayekusudia kutumia Faiba, 28 zimo.

Kwa jambo hili, ninaamini duka la kampuni ya mawasiliano lina faida ya kweli kuliko kibanda cha barabarani. Simu inayouzwa na kampuni yenyewe kwa kawaida imechaguliwa ilingane na minara yake. Hata hivyo, faida hiyo inahusu minara ya kampuni hiyo tu, na mtu anayetumia laini mbili za kampuni mbili bado anahitaji kuuliza kuhusu ile ya pili.

VoLTE, au kwa nini intaneti hufifia ukipigiwa simu

Mtandao wa 4G uliundwa kwa ajili ya data pekee. Simu za sauti hazikuwa na njia yake ya kawaida ndani ya mtandao huo, na kwa hivyo simu nyingi za 4G, mara zinapopigiwa au kupiga, hushuka hadi 3G au 2G, hufanya mazungumzo huko, kisha hurudi juu. Ukiona kwamba kila unapozungumza na mtu alama ya 4G hugeuka kuwa H au E, na kwamba aliyekuwa akitumia hotspoti yako anaanza kulalamika, hicho ndicho kinachotokea. VoLTE ni utaratibu unaowezesha sauti kupita ndani ya 4G yenyewe. Mazungumzo huanza upesi zaidi, sauti husikika safi zaidi iwapo pande zote mbili zinatumia utaratibu huo, na data haikatizwi.

Ili VoLTE ifanye kazi, mambo matatu lazima yakutane: simu iwe na uwezo huo, kampuni iwe imeuwasha kwenye mtandao wake, na kampuni iwe inaitambua modeli hiyo. Hili la tatu ndilo husahaulika. Kuna simu zilizoandikwa VoLTE kwenye boksi ambazo hazifanyi VoLTE kwa laini fulani kwa sababu mtengenezaji na kampuni ya mawasiliano hawajakamilisha mpango wa kuziunganisha. Swali linalofaa kuulizwa dukani, basi, ni kama modeli hii hasa hutumia VoLTE kwa laini hii hasa, na njia bora ya kulijibu ni kuweka laini ndani ya simu ya maonyesho, kupiga, na kutazama kama alama ya 4G inabaki palepale.

Wapo watakaoona hili ni jambo dogo kwa kuwa 2G na 3G bado zipo. Kwa laini ya Faiba halijawahi kuwa dogo, maana huko hakuna pa kushukia. Na kwingineko duniani vizazi vya zamani vimeanza kuzimwa: kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima 3G yake Februari 2022, na Verizon ikafanya hivyo kufikia mwisho wa mwaka huo, na kwa wateja wao simu isiyo na VoLTE ikapoteza uwezo wa kupiga simu za kawaida. Mtu anayenunua simu akitarajia kuitumia kwa miaka 4 au 5 anafanya vyema kuihesabu VoLTE kama hitaji.

Wi-Fi nayo hutofautiana

Kila simu janja inayouzwa leo ina Wi-Fi, na kwa sababu hiyo watu huacha kuilinganisha. Ipo tofauti moja inayostahili kulipiwa. Simu za bei ya chini mara nyingi hushika Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake, ilhali nyingine hushika 2.4 na 5. Katika gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana, na hizo tatu hugawanywa na ruta zote za jengo, pamoja na vifaa vya Bluetooth na hata oveni za maikrowevu. Katika jengo la ghorofa nane ambamo karibu kila nyumba ina ruta yake, hali hiyo huwa msongamano mkubwa wakati wa jioni, na mtu hulaumu kampuni ya faiba ingawa kebo yake haina tatizo. Gigahezi 5 ina njia nyingi zaidi, na kwa kuwa mawimbi yake hayapenyi kuta kwa urahisi, ruta za majirani hazikusumbui sana. Kwa anayeishi kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, na aliye na intaneti ya faiba nyumbani, tofauti hii itaonekana kila siku kuliko tofauti ya 4G na 5G.

Yanayosemwa kuhusu 5G

Inasemekana kwamba 5G inakula data. Video ya saa moja yenye ubora uleule ina uzito uleule, iwe imekuja kwa 3G, 4G au 5G. Kinachobadilika ni kwamba programu kama YouTube, zikihisi kasi kubwa, hupandisha ubora wa picha zenyewe, na ubora wa juu ndio unaomaliza kifurushi. Anayeuweka ubora kwa mkono kwenye mipangilio ataona matumizi yake yakibaki kama yalivyokuwa.

Inasemekana pia kwamba 5G inadhuru mwili, na uvumi huo ulivuma sana mwaka 2020 wakati wa janga la korona, hadi minara ikachomwa moto nchini Uingereza. Virusi havisafiri kwa mawimbi ya redio. Mawimbi ya 5G, kama yale ya 2G na ya redio ya FM, hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili jinsi mionzi ya eksirei inavyoweza, na viwango vya nguvu ambavyo minara na simu haziruhusiwi kuvizidi huwekwa kwa kufuata miongozo ya kimataifa. Wenye wasiwasi huu ni watu wanaojali afya za familia zao, na wanastahili kuelezwa kwa utaratibu badala ya kudharauliwa.

Swali la maana zaidi kuhusu 5G ni la mahali. Sehemu kubwa ya 5G duniani hupitia masafa ya juu, kwa mfano yaliyo karibu na megahezi 3500, ambayo hayafiki mbali kama 800. Simu ya 5G katika mtaa usiofikiwa na 5G ni simu ya 4G iliyonunuliwa kwa bei ya 5G. Kama anayeishi na kufanya kazi mahali palipofikiwa anataka kasi hiyo na ana pesa, ainunue. Kwa mwenye bajeti ndogo, ningemshauri achukue simu ya 4G yenye bendi zote zinazotumika nchini, VoLTE inayofanya kazi kwa laini yake, Wi-Fi ya masafa mawili na betri nzuri, kuliko simu ya 5G ambayo imepunguziwa hayo mengine ili bei itoshe.

Bei, mkopo na kufuli

Simu za 4G za bei nafuu zimeongezeka. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, na zile za kwanza kutoka huko, Neon Smarta na Neon Ultra, zilitangazwa kwa shilingi 7,499 na 8,999, zote zikiwa za 4G. Kabla ya hapo, mwaka 2020, Safaricom ikishirikiana na Google ilikuwa imeanzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao ulimwezesha mteja kulipa kuanzia shilingi 20 kwa siku baada ya kuweka amana. Kampuni kama M-KOPA nazo huuza simu kwa malipo ya kila siku.

Mipango hii imewafikisha wengi kwenye intaneti, nami naiunga mkono. Inahitaji hesabu, hata hivyo. Tuseme simu inauzwa shilingi 15,000 taslimu, na kwa mkopo mteja anaambiwa aweke 2,000 kisha alipe 60 kwa siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 60 inaonekana ndogo, lakini kwa siku 365 inafika 21,900, na ikijumlishwa na amana ni 23,900. Mteja amelipa 8,900 zaidi kwa ajili ya kupewa muda. Huenda muda huo una thamani hiyo kwake, hasa kama simu ndiyo chombo chake cha kazi, kama kwa mwendesha bodaboda anayepokea wateja kwa programu. Ila alinganishe simu mbili za mkopo kwa jumla hiyo ya mwisho, kwa kuwa kiasi cha siku peke yake hakilinganishiki.

Kufuli pia ni za aina mbili. Kufuli ya malipo ni programu inayozuia simu kutumika pale mteja anapochelewesha malipo, na huondolewa deni likiisha. Kufuli ya laini huzuia simu kukubali laini ya kampuni nyingine yoyote, na hupatikana sana kwenye simu zilizotoka kwa kampuni za mawasiliano za ng'ambo. Ya pili hufunguliwa kwa idhini au namba ya siri kutoka kwa kampuni iliyoiuza simu mwanzoni. Baadhi ya wanaodai kuzifungua mitaani huacha simu ikiwa na kasoro, au ikarudi kujifunga baada ya kusasishwa. Mnunuzi wa simu iliyotumika asitoe pesa kabla ya kuingiza laini yake mwenyewe, kupiga, kupokea, na kufungua ukurasa mmoja kwa data ya laini hiyo huku Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Hatua ya mwisho kabla ya kulipa ni kubofya *#06#. Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenye tarakimu 15, itaonekana, na simu ya laini mbili itaonyesha namba mbili. Zilinganishwe na zilizobandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Mwishoni mwa Septemba 2012 mdhibiti wa mawasiliano nchini, ambaye leo ni Mamlaka ya Mawasiliano, aliagiza simu bandia zizimwe kwenye mitandao yote, na waliokuwa nazo walibaki na vifaa visivyopiga wala kupokea. Kilichozitambulisha ni namba hizi. Risiti nayo iandikwe IMEI hiyo pamoja na namba ya modeli, si jina la simu tu, kwa sababu simu ikiibwa ndani ya matatu au ikiharibika kabla ya muda wa dhamana kwisha, namba hiyo ndiyo polisi, duka na kampuni ya mawasiliano watakayoiomba kwanza.